Kiberenge Kisicho na Usukani

Kila injinia mpya aliyeletwa kwenye karakana ya reli ya Mwanza Kusini alipokewa na Modesta Kija kwa adabu zote. Alipewa kiti kilichofutwa vumbi, akaulizwa habari za nyumbani, akamiminiwa chai. Alipomaliza chai, alitumwa stoo kuchukua usukani wa Kanga.

Kanga ni kiberenge, yaani gari dogo la dizeli linalotembea juu ya reli. Lina viti kumi na vinne, pua ndefu kwa mbele, na rangi ya kijivu iliyobabuka madoa meupe mwili mzima kama ndege kanga, ndiyo maana likaitwa hivyo. Mtunza stoo, Winnie, alikuwa ndani ya njama. Alifungua daftari kubwa, akashuka na kidole ukurasa mpaka ukurasa, akasonya, kisha akasema usukani uliazimwa na Tabora tangu mwezi wa nne, labda mheshimiwa aandike barua ya kuudai. Injinia akaketi akaandika. Wengine walichukua siku mbili kukumbuka kwamba gari la reli halina usukani, kwa sababu reli yenyewe ndiyo inayoongoza. Magurudumu yana ukingo wa chuma upande wa ndani, na dereva hana hiari ya kukata kona. Mmoja, kijana wa shahada mbili, aliifikisha barua yake mpaka ikagongwa muhuri.

Mzaha huo Modesta aliufanya kwa miaka thelathini na ushee bila hata mara moja kucheka mbele ya mhusika. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini na uso mtulivu kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. Uso huo ndio uliowaponza wengi.

Alizaliwa Malya, kwenye kambi ya genge la reli. Baba yake, Kija, alikuwa mmoja wa wale wanaume wanaokaza misumari na kushindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Kila mwezi mkaguzi wa njia, Bwana Machibya, alipita na kiberenge kuangalia kazi yao, na kila alipopita alipata kosa. Msumari huu umelegea, kokoto hizi chache. Siku moja mwaka wa sabini na tano alimgombeza Kija mbele ya mkewe na watoto, akapanda kiberenge chake, akaenda zake Malampaka akiahidi kurudi jioni.

Modesta alikuwa na miaka kumi. Aliwakusanya wenzake wawili, wakachuma mlenda beseni zima, wakautwanga na maji mpaka ukavutika kama kamasi. Wakaupaka kwenye reli zote mbili, hatua thelathini, pale mahali njia inapopanda kuja kambini. Kisha wakajilaza kwenye mtama.

Kiberenge kilikuja kikitetea, kikafika kwenye mwinuko, kikapoteza nguvu. Injini iliunguruma na magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa kasi, lakini gari likabaki palepale, halafu polepole likaanza kurudi lilikotoka. Bwana Machibya alifunga breki, akashuka, akapitisha kidole juu ya reli, akanusa. Alitazama mtama. Mtama ulikuwa unacheka.

Wale wawili walikimbia. Modesta alikamatwa, na akatarajia viboko. Badala yake mkaguzi alimuuliza kwa nini alipaka mwinukoni na si pale tambarare, karibu na nyumba.

"Shikamoo," alisema Modesta kwanza, maana alikuwa hajamwamkia. "Tambarare lingepita kwa mbio lilizokuja nazo. Na magurudumu ya mbele yanafuata tu, hayasukumi. Ya nyuma ndiyo yanasukuma. Yakiteleza hayo, basi."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Nimeona. Ya mbele hayana mafuta katikati."

Bwana Machibya aliinama akachungulia magurudumu ya mbele. Kisha alimpa koleo, akamwamuru amwage mchanga juu ya reli hatua zote thelathini, na alipomaliza akamlaza kifudifudi kwenye kokoto amwonyeshe chini ya gari: shafti inayotoka kwenye gia kwenda ekseli ya nyuma, na kisanduku cha mchanga kilichowekwa kwa ajili ya siku za mvua reli zinapokuwa na utelezi. Siku hiyo kisanduku kilikuwa kitupu. Hapo mkaguzi naye alikuwa na kosa lake, na Modesta hakukosa kumwambia.

Kutoka siku ile Machibya hakumgombeza tena Kija mbele ya watu. Na miaka kumi na moja baadaye, binti yule alipotoka chuo cha ufundi na cheti cha mitambo ya dizeli, ni yeye aliyeandika barua ya kumwombea kazi Mwanza. Barua ilikuwa na sentensi moja: "Huyu mwajirini, kabla hajaanza kutuhujumu."

Mafundi saba wa karakana waliapa kwamba mwanamke hatamaliza mwezi. Modesta aliwazika wawili, akawaaga wanne waliostaafu, na wa saba, Mzee Ngosha wa kuchomelea, akawa msaidizi wake. Vichwa vya treni vilikuja na kwenda, lakini Kanga alikuwa wake. Aliujua kila mlio wake. Alijua kwamba asubuhi ya baridi lazima abembelezwe kwa pampu ya mkono, na kwamba akipita kasi ya kilomita hamsini anaanza kuyumba kama mlevi, kwa kuwa mwili wake ni mpana na miguu yake, kama ilivyo reli ile nyembamba, imeachana mita moja tu.

Mambo mengine hakuyaelewa. Kwa nini kiberenge kiwe na pua ndefu kama ya lori la zamani? Kwa nini klachi na breki zipangwe vilevile kama za barabarani, na gia ziwe nne za mbele na moja tu ya nyuma? Na kwa nini sakafuni, mbele ya kiti cha dereva, kuwe na kiraka cha bati cha mviringo, upana wa kisahani, kilichopigwa ribiti nane, yaani misumari butu ya kuungia bati? Karatasi za Kanga ziliisha zamani. Nusu zililiwa na mchwa, nusu zilifungiwa maandazi. Alikuwa na wazo lake, lakini hakuwahi kumwambia mtu.

Mwaka wake wa mwisho kazini, akiwa na miaka hamsini na tisa, alikuja meneja mpya, Nestory Shigela. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, msafi, mchapakazi, mwenye tai ya kila siku ya juma. Hakutumwa usukani, kwa sababu alifika na msafara na hakunywa chai. Nestory alipenda sherehe. Aliposikia kwamba Kanga ndiye kiberenge kikongwe kuliko vyote njia ile, aliamua apakwe sabuni, aletwe stesheni ya Mwanza, waalikwe wazee na diwani, na kizinduliwe kibao cha shaba chenye historia yake.

"Mama Modesta," alisema, "nahitaji historia ukurasa mmoja. Ijumaa."

"Karatasi hazipo, bosi. Ninachoweza kuandika ni ninachokiona. Na ninachokiona, naona kama alikuwa..."

"Mama, nisikilize." Nestory alimkatiza kwa upole, kama anavyokatizwa mtu mzima. "Wewe ni fundi wa spana, hilo nakuheshimu. Lakini historia lazima iwe na hadhi. Wageni hawaji kusikiliza habari za ribiti. Niandikie kitu kikubwa."

Modesta alimtazama kwa ule uso wa mahubiri.

"Kikubwa," alisema. "Sawa, bosi."

Ijumaa alipeleka ukurasa ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Ulieleza kwamba Kanga aliundwa ng'ambo na mafundi kumi na wawili walioapishwa wasitoe siri ya injini yake. Alivuka ziwa ndani ya makasha arobaini na moja. Mwaka wake wa kwanza, chifu mmoja, ambaye jina lake limehifadhiwa kwa heshima, alipanda Bukwimba, akapendezwa, akakataa kushuka kwa siku tatu. Mwaka wa pili Kanga alishindana na ndege kutoka Fela mpaka Mantare, ndege ikashindwa kwa sababu ya upepo.

Alikuwa amejipanga kucheka pamoja na meneja, kisha wakae waandike ya kweli. Nestory alisoma mara mbili. Alitoa kalamu.

"Ndege ilikuwa ya aina gani?"

"Ndogo," alisema Modesta.

"Basi weka 'ndogo'. Tusitie chumvi."

Wiki mbili baadaye yote yalikuwa yamechongwa kwenye shaba.

Modesta hakulala vizuri, lakini pia hakusema. Kila alipotaka kusema alikumbuka habari za ribiti. Winnie alimshauri augue siku ya sherehe. Mzee Ngosha alimshauri aache kibao kianguke ziwani kwa bahati mbaya. Modesta alisema atakwenda, atasimama pembeni, na Mungu ni mwema.

Jumamosi asubuhi stesheni ya Mwanza ilijaa. Diwani Suzana, mgeni rasmi, alikata utepe, naye Nestory akakisoma kibao kwa sauti, akipumzika kidogo kila baada ya nukta ili watu washangae. Walishangaa. Alipofika kwenye ndege walipiga makofi.

Miongoni mwa wazee waliokaa mbele alikuwamo Mzee Pravin, mwenye umri wa miaka themanini na moja, ambaye familia yake inauza beringi na mikanda ya mashine pale Nyamagana. Modesta alinunua beringi dukani kwao miaka yote kutoka kwa binti yake, Priya, lakini mzee mwenyewe alikuwa hajawahi kumwona. Sasa alimwona akiinuka kwa fimbo, akavaa miwani, akakisogelea kibao mpaka pua ikakaribia kugusa shaba. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alipogeuka, macho yalikuwa na machozi na uso ulikuwa mtulivu kabisa. Modesta aliutambua uso ule mara moja. Ulikuwa uso wake mwenyewe.

"Nani ameandika?" aliuliza mzee.

"Fundi wetu, mama Modesta," alisema Nestory, akamsukuma mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nina swali dogo. Hizo siku tatu, chifu alilala wapi? Viti vya gari hili navijua. Mtu mzima halali humo."

Watu wote walimgeukia Modesta.

"Hakulala," alisema. "Ndiyo maana siku ya nne alishuka."

Mzee Pravin alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hoja nzito. "Inawezekana. Lakini mmesahau jambo kubwa. Gari hili lilitoka Fela mpaka hapa Mwanza kinyumenyume. Sikusimuliwa. Nilikuwamo ndani."

Nestory alikaribia kupaa. "Kinyumenyume? Kwa mwendo uleule?"

"Mwendo siujui. Nilikuwa mtoto."

"Wageni wapendwa," alitangaza Nestory, "leo tutaishi historia. Tutakwenda na Kanga mpaka Mwanza Kusini, na tutarudi kinyumenyume, kama zamani."

Kanga ana gia moja ya nyuma, na hiyo moja ni ya kumtoa bandani. Akirudishwa kwa gia hiyo anakwenda mwendo wa mbuzi anayekula, na maji yanachemka kabla ya kilomita ya pili. Pale Mwanza Kusini ipo njia ya pembetatu ya kugeuzia, lakini siku ile ilikuwa imejaa mabehewa ya mafuta. Modesta alimtazama Mzee Pravin. Mzee alikuwa anafuta miwani yake kwa utulivu mkubwa. Ndipo Modesta alipoelewa kwamba ametegwa, na aliyemtega anajua gia za Kanga.

Wageni kumi na watatu walipanda, wengine wakaambiwa wafuate kwa bajaji. Safari ya kwenda ilikuwa tamu. Ziwa lilikuwa upande wa kulia, mawe makubwa upande wa kushoto, na Kanga alitetea kwa furaha maana alikuwa ameogeshwa. Diwani Suzana alitoa kichwa dirishani kama mwanafunzi. Mzee Pravin aliomba kiti cha mbele, nyuma ya Modesta aliyekuwa anaendesha.

"Bati la ribiti nane bado lipo," alisema kwa sauti ya chini, akielekeza fimbo sakafuni. "Unajua ni la nini?"

"Nina wazo, mzee."

"Mbona hukuliandika?"

"Niliambiwa hadhi."

Mzee alicheka puani. "Haya. Sasa tuone utarudije."

Waliposhuka Mwanza Kusini, watu walikuwa wameshajikusanya: mafundi wa karakana, kina mama wa samaki, waendesha bodaboda wasio na abiria. Nestory alipiga makofi kuomba utulivu, akasema kiberenge sasa kitarudi kinyumenyume.

"Kitarudi, bosi," alisema Modesta. "Lakini kwanza kuna sehemu ya historia ambayo haikutosha kwenye kibao."

Chini ya tumbo la Kanga, katikati kabisa, kuna jeki ya mafuta yenye mguu mnene kama kinu. Mara ya mwisho ilitumiwa mwaka wa tisini na moja, Bwana Machibya akiwa bado hai. Hakuna aliyemwagiza Modesta kuitunza, lakini kila Januari alilala chini akaipaka grisi, kwa sababu hakupenda kitu kizuri kishikwe na kutu. Alimwita Mzee Ngosha. Walitandika mbao mbili nene katikati ya reli, wakauteremsha mguu wa jeki, kisha Modesta akasimama akijipangusa mikono.

"Kuna tatizo dogo. Injini iko mbele, kwa hiyo akiinuliwa atainamia pua. Zamani waliweka magunia manne ya mchanga kwenye kiti cha nyuma ili awe sawa. Magunia hatuna." Aliwatazama wageni mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani, na macho yake yakatua kwa meneja. "Tunahitaji uzito wa kuaminika."

Watu walielewa kabla ya Nestory. Diwani Suzana, ambaye naye hakuwa mwembamba, alicheka kwanza. "Twende, meneja," alisema. "Mgeni rasmi na mwenyeji wake. Au historia inakushinda?"

Wakaketi kiti cha nyuma, bega kwa bega, Nestory ameshika tai kwa mikono miwili. Mzee Ngosha akapiga jeki. Kwa kila pigo Kanga alipanda kidole kimoja, mpaka magurudumu yote yakaning'inia juu ya reli na gari zima likasimama kwa mguu mmoja, sawasawa kama mizani. Modesta aliweka kiganja kimoja tu kwenye kona ya nyuma, akasukuma, na zile tani za chuma zikazunguka kimya kimya kama mlango uliotiwa mafuta.

Nusu mzunguko ulitosha. Pua ya Kanga ilifika ikaelekea Mwanza, ikiwa imenyooka na reli. Mzee Ngosha alinyoosha mkono amzuie. Modesta alimpita.

"Mama Modesta," ilisikika sauti ya Nestory kutoka dirishani, "nadhani hapa tumesha..." Dirisha likaenda upande wa ziwa. Lilipotokea tena alikuwa anaendelea: "...fika, kwa hiyo kama ingewezekana..." Likapita. Kina mama wa samaki walianza kuhesabu kwa sauti. Diwani Suzana alikuwa amejishika mbavu.

Aliposimamisha, Kanga alikuwa amezunguka mara moja na nusu, na aliposhushwa relini, meneja akatoka akiwa na tai mgongoni.

"Mara ya kwanza nilikuwa napima mizani," Modesta alimweleza kwa heshima. "Kiufundi."

Mzee Pravin alikuwa amekaa juu ya rundo la mataruma, anacheka bila sauti mpaka Priya, aliyefuata kwa bajaji, akaja kumshika. Diwani alipata pumzi, akamgeukia. "Mzee, wewe unajua jambo. Hiki kitu kilitengenezwa wapi, kweli?"

"Hapa," alisema mzee, akaelekeza fimbo kwenye banda la rangi. "Pale. Kilikuwa basi."

Ndipo akasimulia. Mwaka wa hamsini na saba, wakati wa mvua kubwa, basi la abiria lilimkwepa fahali likatumbukia kwenye mto Mirongo. Abiria walipanda juu ya paa na kuku wao, hakuna aliyekufa, lakini basi lilikaa majini wiki nzima na mwenyewe akalikatia tamaa. Wakati huo wakaguzi wa njia walisumbuka: kuwasha kichwa cha mvuke kwa ajili ya watu wanne ni kupoteza kuni na maji. Baba yake Pravin, seremala wa mabehewa, na fundi mmoja wa Kisukuma aitwaye Mhoja, waliomba wapewe lile basi. Walikata ekseli ya nyuma ikawa fupi, maana ya barabarani ilikuwa pana kuliko reli. Mbele waliweka magurudumu manne madogo ya toroli, yafuate kona. Siku ya kwanza gari liliegama upande kama linataka kuzungumza siri, kwa sababu lilikuwa refu mno juu ya miguu ile ya karibu. Wakalishusha sakafu shubiri nzima. Usukani wakaung'oa, wakaziba tundu kwa bati la mviringo.

"Ribiti nane," alisema Modesta.

"Nilizishika mimi, moja moja, baba akizipiga. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Kisha tukaenda Fela kulijaribu, wote tukiwamo, na lilikimbia vizuri ajabu. Tulipofika, ndipo mtu akauliza tutageukaje. Hakuna aliyefikiria." Mzee alipangusa macho. "Tulirudi kwa ile gia moja. Tuliondoka saa nne asubuhi, tukaingia Mwanza jua likizama. Wanawake wenye mizigo kichwani walitupita, wakatuaga. Nilisema kinyumenyume, sikusema mwendo. Mhoja aliona aibu, hakutoka nyumbani siku nne. Aliporudi alikuwa amechora hiyo jeki."

Nestory aliirudisha tai kifuani. "Kwa hiyo makasha arobaini na moja..." alianza.

"Bosi," alisema Modesta, na safari hii uso ulikuwa wake wa kweli, "niliyatunga. Ndege pia. Nilidhani utacheka."

"Na chifu?"

"Na chifu."

"Usukani tunao," aliongeza Mzee Pravin, kama mtu anayetaja kitu kidogo. "Uko ukutani dukani, juu ya kaunta. Baba alikataa kuutupa. Juzijuzi alikuja injinia mmoja kuuliza kama tumewahi kuona usukani wa kiberenge, Priya akadhani ana homa."

Winnie aliziba mdomo kwa kanga yake. Modesta Kija alianza kuhesabu kwa vidole. Mara ngapi alikuwa amesimama chini ya usukani ule, akibishana juu ya beringi.

Walirudi Mwanza pua ikiwa mbele, mwendo mzuri, na hakuna aliyekumbuka kinyumenyume. Nestory hakumsemesha Modesta kwa siku kumi na mbili, ila kwa karatasi. Karatasi ya kwanza ilikuwa onyo kwa kuandika uongo kwenye mali ya shirika. Ya pili iliomba aandike upya. Ya tatu, iliyokuja jioni ya siku hiyohiyo, ilisema: "Pamoja na habari za ribiti."

Basi Jumatano tatu mfululizo Modesta alikwenda Nyamagana, ghorofani kwa Mzee Pravin, wakaandika. Walielewana juu ya ekseli, juu ya sakafu, juu ya jina la Mhoja kuwa la kwanza. Waligombana juu ya rangi. Mzee alisema basi lilikuwa la bluu. Modesta alisema la kijani. Alishakwangua mlango wa Kanga mara nyingi, na chini ya kijivu kuna krimu, na chini ya krimu kuna kijani.

"Mimi nililiona," alisema mzee.

"Ulikuwa mtoto, mzee. Hata mwendo huukumbuki."

Ilibidi aletwe karakana kwa bajaji, na kiti chake cha mto. Nestory mwenyewe alikuja kushuhudia, na akakaa upande wa mzee. Modesta alichukua msasa na kisu chembamba, akachagua pembe ya mlango karibu na bawaba, mahali pasipofikiwa na jua. Kijivu kikatoka, krimu ikatoka, kijani ikatokea, naye akageuka kuwatazama.

"Endelea," alisema Mzee Pravin.

Aliendelea. Kijani ilikuwa nene, tabaka mbili. Chini yake, upana wa ukucha, kulikuwa na bluu.

Modesta aliitazama muda mrefu, akalamba kidole akaisugua, ikabaki bluu. Alikubali. Mzee alitaka jambo hilo liwemo kwenye kibao kipya, na likawekwa. Kisha akataka maneno "rangi ya bluu" yachongwe kwa herufi kubwa kuliko mengine. Modesta alisema shaba haitoshi. Barua ya malalamiko, yenye sahihi ya Mzee Pravin, ilimfikia Nestory Jumatatu, na Nestory, baada ya kuisoma mara mbili, aliipeleka stoo kwa Winnie aitafutie nafasi kando ya barua za kudai usukani.